Kikulacho

Mara ya nne wiki hii nimefunika kompyuta,
nikaenda kukanda unga, nikarudi, nikafunua:
kioo cheusi, feni inapuliza,
kitaa cha kijani kinapepesa
kama mtu anayekutazama na hakujui.
Imelala. Haiamki.

Dundee, Novemba. Saa kumi alasiri na giza limeshatua,
mto Tay umepotea dirishani,
zimebaki taa za daraja zikining'inia juu ya kitu kisichoonekana.
Nikakaa na koti mwilini, nikaandika:
Kiini cha mfumo wenu kimeoza.
Nimepoteza kurasa kumi na mbili. Mnafanya kazi gani?
Nikaisoma. Ilikuwa barua nzuri ya ugomvi.
Haikuwa na namba hata moja.

Juu ya kitufe cha kutuma, kwa herufi ndogo:
Umetafuta kwanza?
Swali la mama mkwe.
Sikuwa nimetafuta.

Nikatafuta: inaganda. Ripoti elfu sita.
Kila kitu duniani kinaganda.
Nikatafuta: kioo cheusi. Nikawakuta wenye nyaya zilizolegea,
na mmoja ambaye paka wake amekojolea kibodi.
Unga ukaumuka, ukavuka mdomo wa bakuli.

Ndipo nikaona kosa:
nilikuwa nauliza kwa kilio changu,
si kwa kauli ya marehemu.
Nikaiua makusudi, nikaiwasha upya,
nikainama mvunguni mwa kumbukumbu zake
hadi mstari wa mwisho, pale ilipokata kauli.
Nikaondoa tarehe. Nikaondoa anwani zinazobadilika kila siku.
Nikabakiza jina la kazi iliyokuwa mkononi mwake ilipoanguka,
jina refu, lisilotamkika.
Nikalitafuta hilo tu.

Watatu.

Ingvild wa Tromsø, miaka mitano iliyopita.
Thaddeus wa Saskatoon: huganda, asema,
waya wa umeme ukichomolewa wakati imelala.
Wa tatu hakutaja jina wala mji, ameweka picha ya kioo,
na ndani ya weusi ule naona dari la jiko lake
na kipande cha sikio.
Kikulacho, nilidhani, ki nguoni mwangu peke yangu.

Chini yao fundi mmoja ameuliza:
Sina mashine ya aina hii. Nani atajaribu toleo jipya?
Miezi kumi na minne.
Hakuna aliyejibu.

Nikafuta barua yangu.
Nikaweka toleo jipya. Nikafunika, nikachomoa waya,
nikahesabu hadi mia mbili, nikafunua. Mara nane.
Saba iliamka.
Ya nane ikakata kauli palepale, kwa jina lilelile.
Nikaandika chini ya swali la fundi:
Na kwangu. Toleo jipya pia, mara moja kati ya nane.
Mashine ninayo. Niambie nijaribu nini.

Saa tano usiku nikashuka na takataka.
Kwenye ngazi ya orofa ya pili, gizani,
nikagongana na Bi Petrie,
mkono mmoja ukutani, mwingine umekumbatia maziwa.
"Taa hii," akasema. "Wiki ya kumi na moja."
"Hujaripoti?"
"Nilidhani Zbigniew."
Mlango wa juu ukafunguka kidogo: "Mimi nilidhani wewe."
Wewe, yaani mimi.
Na mimi nilidhani watu.

Asubuhi nikapiga simu baraza la jiji.
Mwanamke akauliza kama kuna aliyetangulia kutoa taarifa.
Nikamwambia nimetafuta. Milango sita, nimegonga yote.
Hakuna.
"Basi wewe ndiye wa kwanza,"
nikasikia vidole vyake vikichapa,
"nisomee namba iliyo chini ya taa."

Nikatoka na simu sikioni,
nikawa naupapasa ukuta.